Katibu wa Mtu Aliyetulia

Mume wangu aliacha simu akaniachia mimi. Watu wakimsifia husema tu kwamba ameacha simu. Ile nusu ya pili hawaitaji, na yeye hawakumbushi.

Nisimwonee, maana kabla ya hapo alikuwa amezidi. Alikula na simu, akaenda nayo chooni, akaoga huku imeegeshwa dirishani inapiga kelele. Siku moja tulikuwa tunasindikiza wageni, yeye yuko nyuma yetu anaperuzi, mara akatumbukia mtaroni hadi magotini, na kitu cha kwanza alichokiinua juu kukinusuru kilikuwa simu. Mapacha wetu, kabla hawajaenda shule ya bweni, wakitaka kumwomba ruhusa walimtumia ujumbe kutoka chumba cha pili. Kwa hiyo kampuni ilipowapeleka semina ya siku mbili, akarudi na daftari jipya lililoandikwa juu "Kuishi kwa Makusudi", mimi nilikuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Nilidhani nimerudishiwa mume.

Jumatatu asubuhi akaja kwenye chumba changu cha kushonea, akavuta droo ya cherehani, akaiweka simu yake katikati ya bobini na vifungo.

"Mama Pacha," akasema kwa ile sauti mpya aliyotoka nayo semina, ya chini na ya polepole, kama daktari anayejiandaa kukupa habari mbaya, "kuanzia leo itakaa hapa. Sitaki kutawaliwa na kioo."

"Ikiita?"

"Utapokea."

"Na nikiwa nashona?"

Akanitazama kwa huruma. "Si unashinda nyumbani, lakini?"

Nashinda nyumbani! Nina cherehani mbili, meza ya kukatia iliyojaa vitambaa vya watu, na foleni ya akina mama wanaotaka nguo jana. Miaka kumi na miwili nimekijenga chumba kile mteja mmoja mmoja, hadi nimefika mahali bibi harusi anatoka upande wa pili wa mji kunitafuta kwa jina. Lakini mume wangu amejaliwa kitu kimoja: kazi isiyokuwa na geti na mlinzi haioni.

Kazi yake yeye ina geti. Ni msaidizi wa mkuu wa ghala katika kampuni inayouza mabomba ya maji na koki. Neno hilo, msaidizi, limemkaa kooni kwa miaka kumi na moja. Wakuu watatu wamekuja na kuondoka, na kila mmoja alipoondoka mume wangu alinunua shati jipya, akanyoa, akasubiri kuitwa. Hakuitwa. Usingizini humsikia akitoa amri kwa watu ambao hana. Sijui mtu mwingine anayetaka kitu kimoja kwa muda mrefu namna ile, na nilikuwa nikimwonea huruma kwa dhati.

Basi, tukaanza maisha ya makusudi. Yeye alienda kazini mikono mitupu, akirudi anavua viatu, anaenda uani, anakaa kwenye kigoda na kutazama. Anatazama nini? Anatazama. Siku nyingine sisimizi, siku nyingine nguo kwenye kamba. Daftari lilisema mtu ajifunze kukiona kilicho mbele yake. Kilichokuwa mbele yake mara nyingi ni mimi, nimebana simu yake kwa bega, sindano mdomoni, namweleza shangazi yake kwamba mwanaye hajambo, na kwamba ndiyo, atakuja kwenye kikao cha ukoo, na kwamba hapana, hajakasirika, ametulia tu.

Alikuwa na utaratibu wake. Mambo yote ya simu niyaandike kwenye vikaratasi, nivitie kwenye bakuli la kioo, naye atavisoma Jumamosi baada ya chai. Jumamosi tu. Kinachohitaji jibu kabla ya hapo nijibu mwenyewe.

Mwanzoni nilijibu kama mtu mwenye akili timamu. Meneja wao, anayekaa makao makuu na ambaye hapendi kuongea bali kuandika, alituma ujumbe: "Koki za nusu inchi zimefika?" Nikamwandikia: "Mimi ni mke wake, atakujibu jioni." Jioni ile nilipata darasa refu.

"Unanifanya nionekane si makini."

"Si umeacha simu?"

"Nimeacha simu, sijaacha kazi. Jibu kama mimi."

"Nitajuaje kama koki zimefika?"

"Mpigie karani."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye biashara ya mabomba. Karani wa ghala ni baba mmoja mpole, mfupi, anayejua kila msumari ulipo. Meneja akiuliza, nampigia karani kwenye simu ya mezani, karani ananiambia, namwandikia Meneja. Meneja akipiga, naacha iite hadi ichoke, kisha naandika: "Niko ndani tunashusha mzigo, niandikie." Wiki ya tatu nilichoka kumsumbua karani kwa kila kitu, nikachukua daftari la vipimo vya wateja, nikaligeuza nyuma, nikaanza kuandika kinachoingia na kinachotoka ghalani. Mbele kuna kiuno cha mwalimu wa chekechea, nyuma kuna mabomba ya inchi mbili.

Na kwa kuwa nina macho, nikaona ujinga. Kila siku mafundi bomba walikuwa wanarudi ghalani kulalamika: wamepewa koki hawakupewa nati, wamepewa nati hawakupewa ule utepe mweupe wa kuzuia maji kuvuja. Mimi nikikata gauni, hapohapo nalifunga pamoja na zipu yake, uzi wake na vifungo vyake, kifurushi kimoja, la sivyo siku ya kushona nitazunguka nyumba nzima. Nikamwandikia Meneja: "Kwa nini tusifunge koki, nati na utepe pamoja tangu siku mzigo unapoingia?" Hakujibu siku mbili. Siku ya tatu akaandika kwamba ameagiza maghala yote yafanye hivyo, na akaongeza: "Wewe umebadilika sana. Unaandika kifupi na unaeleweka."

Nilisoma ujumbe ule mara nne. Nakiri, nilivimba kichwa.

Mwisho wa mwezi walikuwa na mkutano, na mume wangu akarudi anang'aa.

"Meneja amenisifia mbele ya wote," akasema. "Ameniita mtu wa mipango. Sikuelewa hata anasifia nini, nikatikisa kichwa tu. Unayaona matunda ya utulivu, Mama Pacha?"

"Unajua ni kuhusu zile koki..."

Akainua kiganja. Kile kiganja! Alikitoa semina pamoja na sauti. "Saa ya kazi imekwisha. Sasa niko hapa."

Akaenda uani kutazama.

Ningeweza kumfuata. Ningeweza kumkalisha na kumwambia baba, mtu wa mipango ni mkeo. Sikukazana, na sitajitetea kwa hilo. Ukinyanyuliwa kiganja mara thelathini, ya thelathini na moja hujisumbui.

Aliyenimaliza nguvu kabisa ni wifi yangu. Yeye ni dada yake mume wangu, mjane, mwenye muda mwingi na viatu vyenye kelele. Alizoea kuja kila wiki kumtazama kaka yake anavyotazama. Anakaa karibu naye, anapunguza sauti kana kwamba yuko wodini, halafu ananigeukia mimi ninayekimbia kati ya pasi na simu.

"Wifi, na wewe ungejaribu. Uso wako umechoka. Kaka amekuwa kama kijana."

Kweli alikuwa kama kijana. Alinenepa kidogo, mikunjo ya paji la uso ikafutika. Mimi nilipata uvimbe mdogo kwenye kidole gumba kwa kuandika. Kuna jioni nilisimama mlangoni nikamwona amekaa na mikono yake mitupu mapajani, jua la mwisho linampiga mguuni, hana anayemwita, hana anayemdai jibu, na nilimwonea wivu hadi nikataka kulia. Mimi pia ningependa saa moja ya namna ile. Lakini utulivu wa nyumba ile ulikuwa mmoja, na alikuwa ameukalia yeye.

Mwezi wa tano akachukua likizo ya wiki moja ili, kwa maneno yake, azame zaidi. Siku ya Alhamisi, saa nane mchana, nilikuwa nashona pindo la shela la bibi harusi ambaye harusi yake ni Jumamosi, simu ikatetemeka ndani ya droo. Meneja. Ujumbe mrefu, kitu ambacho si kawaida yake.

Aliandika hivi: "Tunafungua tawi jipya kaskazini. Nimeona kazi yako miezi hii mitano na nimeridhika nayo. Nataka uwe mkuu wa tawi, ghala pamoja na duka. Unahamia huko mwezi ujao, nyumba ipo. Wakurugenzi wanakaa saa kumi leo, nahitaji jibu lako kabla ya hapo. Ndiyo au hapana."

Miaka kumi na moja! Nilitupa shela mezani, nikatoka mbio uani na simu mkononi, pini bado zimechomekwa kifuani kwangu. Mume wangu alikuwa kwenye kigoda, macho amefumba, wifi pembeni yake amefumba lake moja.

"Baba Pacha. Meneja ameandika."

Kiganja.

"Hili ni kubwa. Anataka jibu kabla ya saa kumi."

"Mke wangu," akasema bila kufumbua macho, "kila kitu ndani ya simu hujifanya kikubwa."

"Hili si la koki."

"Liandike, nitalisoma Jumamosi."

"Jumamosi litakuwa limepita. Fumbua macho usome, ni mistari michache tu."

Akavuta pumzi kwa pua, akaitoa kwa mdomo, kama alivyofundishwa. "Nimeshinda miezi mitano bila kugusa kioo. Usiniharibie leo. Jibu unavyoona."

"Wifi, mwache kaka apumzike, jamani," wifi akadakia. "Huyo Meneja naye ni nani hata asisubiri?"

"Nijibu ninavyoona mimi?" nikauliza. Niliuliza polepole, kila neno peke yake.

"Unavyoona wewe. Nakuamini."

"Wifi, umesikia?"

"Nimesikia, nenda basi, unatupigia kelele."

Nikarudi ndani, nikaketi mbele ya cherehani. Ilikuwa saa nane na dakika ishirini.

Mke mwema angeandika ndiyo. Najua. Nilianza hata kuiandika. Kisha nikaliona hilo tawi la kaskazini, safari ya siku mbili, na mimi nafunga chumba changu, nauza meza ya kukatia kwa sababu haiingii kwenye lori, naaga wateja niliowatafuta miaka kumi na miwili. Nikaiona nyumba ya kampuni, na uani kigoda, na juu ya kigoda mkuu wa tawi ametulia. Na nani anaendesha ghala pamoja na duka? Mimi, kutoka kwenye droo nyingine. Jina lake mlangoni, uvimbe kidoleni kwangu. Aliniambia nijibu ninavyoona. Hayo ndiyo niliyoyaona.

Nikafuta, nikaandika: "Nashukuru kwa heshima hii. Kwa sasa siwezi kuhama, familia ina kazi hapa isiyohamishika. Mtu anayelijua ghala kuliko wote ni karani wetu. Mpe yeye, hutajuta."

Meneja akajibu baada ya robo saa: "Nimesikitika, ila nimekuelewa. Nitampendekeza karani."

Nikaandika kikaratasi, nikakitia kwenye bakuli juu ya vingine. Kisha nikamalizia pindo la shela, na sijawahi kushona pindo lililonyooka vile.

Jumamosi baada ya chai mume wangu alijiwekea bakuli mapajani. Wifi alikuwepo, kama kawaida. Mimi nilikuwa nimekaa nao sebuleni, natia vifungo kwenye koti la mteja. Alisoma kikaratasi kimoja kimoja, akitabasamu kama mzee anayesoma barua za wajukuu: kikao cha ukoo kimeahirishwa, kinyozi amehama, shangazi anasalimia. Cha mwisho kilikuwa kile.

Alikisoma. Akakigeuza nyuma kama vile kuna maelezo zaidi. Akakisoma tena kwa sauti, na sauti ya semina ilikuwa imempotea, ilikuwa ile yake ya zamani ya mtaroni.

"'Meneja alikupa ukuu wa tawi jipya. Ulisema nijibu ninavyoona. Nimejibu hapana. Atampendekeza karani.'" Akanitazama. "Huu ni utani?"

"Sio utani."

"Karani? Karani wangu?" Alisimama, vikaratasi vikamwagika zuliani. "Miaka kumi na moja! Unajua nimekisubiri cheo hiki miaka mingapi?"

"Kumi na moja."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuja na simu mkononi. Nilikuomba ufumbue macho."

"Ungenilazimisha! Ungenimwagia maji! Dada, aliniambia?"

Wifi alikuwa anatafuta viatu vyake kwa miguu chini ya kochi. "Mimi nilikuwa kama nimesinzia, kaka," akasema. Hakumtazama yeyote kati yetu.

Mume wangu akaanza kuzunguka sebule. Atampigia Meneja sasa hivi. Atamwambia jibu lile halikuwa lake, mke wake ndiye aliyeshika simu, mke haelewi mambo ya kazi.

"Mwambie," nikasema. "Akikuuliza ni tangu lini mke anashika simu, umwambie miezi mitano. Akikuuliza ni nani aliyempa wazo la kufunga koki na nati pamoja, mwambie hilo pia. Taarifa za kila Ijumaa, mwambie. Hesabu ya mabomba yaliyopotea ikapatikana, mwambie. Anakupa cheo kwa sababu ya hizo, Baba Pacha. Yeye hakuajiri utulivu."

Alisimama. Niliona yanamwingia moja moja. Koki. Mtu wa mipango. Kile kichwa alichokitikisa mkutanoni. Macho yalimtoka, kisha yakazama, na kwa mara ya kwanza tangu semina alikuwa anakitazama kweli kilichokuwa mbele yake. Hakukipenda.

"Basi mwandikie wewe," akasema mwishowe, sauti imeshuka. "Mwambie nimebadili mawazo. Kwa namna yako ile. Karani bado hajahama, bado kuna nafasi. Tafadhali, Mama Pacha."

"Andika mwenyewe."

"Mimi na wewe si kitu kimoja?"

"Alhamisi hatukuwa."

Alienda kwenye chumba changu kwa hatua za mtu anayeingia benki kukopa, akarudi na simu. Alikuwa amesahau hata namba ya siri, nikamtajia. Akakaa kwenye kochi akaandika, akafuta, akaandika, ulimi umetoka pembeni. Wifi, ambaye sasa alikuwa na kiatu kimoja, akasogea kuchungulia. Robo saa nzima ilipita. Alipomaliza alinisomea kabla hajatuma, labda akitumaini nitamsahihisha:

"Mheshimiwa Meneja. Tafadhali rejea mada iliyotajwa hapo juu. Napenda kuchukua fursa hii adhimu kukujulisha kwamba, baada ya tafakuri ya kina na kuishi kwa makusudi, nimeridhia kupokea wadhifa uliotajwa. Ni matumaini yangu kwamba ombi langu litapokelewa kwa mikono miwili. Wako mtiifu."

Hapo juu hapakuwa na mada yoyote. Nikatunga uzi kwenye sindano. Akatuma.

Meneja hakukawia. Simu ilitetemeka mikononi mwake, naye akasoma, na midomo yake ikawa inatembea bila sauti. Wifi ndiye aliyesoma kwa sauti, juu ya bega lake, kabla hajajizuia:

"'Samahani, wewe ni nani? Naomba umpe simu mwenyewe.'"

Mume wangu akaninyooshea simu. Ningesema uongo nikidai kwamba sikumhurumia hata kidogo. Nilikata uzi kwa meno, nikachukua kifungo kingine.

"Mwenyewe si wewe?" nikamwambia. "Mjibu."